Staringi hafi: Filamu ya familia ambayo familia haiwezi kuisoma

JUMAMOSI moja jioni, vijana wa ploti yetu hapa Kayole walitundika shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo, wakaazima projekta, wakawaketisha watoto mbele juu ya mikeka. Sisi watu wazima tulikaa nyuma kwenye viti vya plastiki na ndoo zilizopinduliwa. Filamu ya siku hiyo ilikuwa Supa Modo, kazi ya mwongozaji Likarion Wainaina iliyotoka mwaka wa 2018. Nilikuwa nimeshaiona. Safari hii nilikwenda kuwatazama watazamaji.

Kando yangu aliketi shosho mmoja mzaliwa wa Kakamega, aliyehamia mtaa huu watoto wake wakiwa bado wanatambaa. Dakika kumi hazikuwa zimepita aliponinong'onezea.

"Mwalimu, hapo chini wameandika nini?"

"Ni yale wanayosema, shosho, ila kwa Kiingereza."

"Na hawa watoto wanasoma hiyo?"

Niliwatazama. Wale wa gredi ya pili na ya tatu walikuwa wakifuata herufi kwa midomo, na kabla hawajafika mwisho wa mstari, mstari ulikuwa umeshaondoka. Wakubwa wao waliweza kusoma, lakini macho yao yalikuwa chini ya shuka muda wote, hawamwoni mwigizaji usoni.

Basi kijana mmoja wa miaka kama 12 akasimama kando ya shuka, akaanza kuitangaza sinema kwa sauti, kwa mtindo ule wa DJ Afro ambao kila mtoto wa Eastlands anaujua. "Haya sasa, mcheki staringi wetu! Mathe hataki atoke nje, lakini wapi! Huyu ni staringi, na staringi hafi!" Watoto wakapiga makofi. Shosho akavuta leso yake mabegani, akasema, "Sasa ndio tunaona sinema."

Maneno hayo ya shosho nimeyarudia mara nyingi tangu siku hiyo. Sisi wapenzi wa lugha tumezoea kuuliza iwapo filamu zetu zinazungumza Kiswahili sanifu au Sheng. Naona swali hilo limetupotezea muda mwingi. Filamu zetu za miaka hii zimeshaujua mdomo wa mtaa, zinausikiliza na kuuiga vizuri. Jambo ambalo hazijafanya ni kuuandikia mtaa huo. Kiswahili kimepewa kazi ya kusema, kikanyimwa kazi ya kuandika. Hukipati katika maandishi ya chini ya skrini, ni nadra kukipata kwenye mabango, na katika uhakiki wa filamu utakitafuta kwa tochi. Tunabaki na filamu ya familia ambayo familia yenyewe inahitaji mkalimani ili iifurahie.

SINEMA, MUVI NA STARINGI

Tuanze na msamiati, kwani mtaa una mengi ya kutufundisha hapo. Sinema ni neno kongwe kwetu, na lilitaja picha zenyewe na pia jumba la kuzionyeshea. Filamu ndilo neno la magazeti, la sheria na la darasani. Muvi ni la vijana. Video lilikuja na kanda, likabaki katika vibanda vya video hata baada ya kanda kutoweka. Mtaani sinema limezaa maana nyingine: ukimwambia mtu "wacha sinema," unamtaka aache kujifanya. Naomba msomaji aiweke akilini maana hiyo ya pili, kwa sababu Supa Modo ni hadithi ya kijiji kizima kinacholeta sinema kwa maana zote mbili.

Kisha kuna staringi. Asili yake ni neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa mwanzoni mwa filamu, karibu na majina ya waigizaji wakuu. Watoto wa vibanda vya video waliliona, wakalichukua kuwa cheo cha huyo mtu. Majirani zetu Watanzania husema stelingi. Kanuni yake ni moja, na hakuna mtoto wa mtaa asiyeijua: staringi hafi. Adui ammiminie risasi, amsukume kutoka juu ya paa, amfungie katika nyumba inayowaka moto, mwishowe atainuka na kujipangusa vumbi.

Wasomi wa fasihi wangemwita mhusika huyo nguli, au jagina. Lakini tazama alichofanya mtoto wa mtaa. Amegundua kaida ya utanzu mzima wa filamu, akaipa jina, kisha akaitumia kubashiri mkondo wa hadithi asiyoijua. Huo ni uhakiki, hata kama hakuna mwalimu aliyempa alama.

MTOTO ASIYEPONA

Supa Modo inaichukua kanuni hiyo na kuijaribu mahali pagumu. Jo, aliyeigizwa na Stycie Waweru, ni msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mapigano na za majasiri wenye nguvu zisizo za kawaida. Anaugua ugonjwa ambao hautapona. Mamake, Kathryn (Marrianne Nungo), anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani, katika kijiji cha kubuni kiitwacho Maweni. Mama anataka kumlinda mtoto, akae ndani, apumzike. Dadake, Mwix (Nyawara Ndambia), anaona kwamba mtoto anayengojea kifo kitandani ameshanyang'anywa hata hizo siku chache. Anamsadikisha Jo kwamba anazo nguvu za jasiri, kisha anawaendea majirani mmoja baada ya mwingine na kuwashawishi waushiriki uongo huo. Hatimaye kijiji kinaingia katika kazi ya kutengeneza filamu, na staringi wake ni Jo.

Nguvu ya muswada huu, ulioandikwa na kundi la waandishi wakiwemo Mugambi Nthiga, Wanjeri Gakuru na Silas Miami, iko katika mzozo wa mama na Mwix. Hakuna mbaya kati yao. Mama anashika ukweli: dawa, usingizi, mwili unaochoka. Mwix anashika hadithi. Mtazamaji mvivu angetarajia mama afanywe adui wa furaha ya mtoto, na filamu nyingi za watoto kutoka ng'ambo zingefanya hivyo. Hii inakataa. Inamwacha mama awe na haki yake, na ndiyo sababu watu wazima tuliokaa kwenye ndoo hatukujiona tumealikwa kutazama mambo ya kitoto.

Swali ambalo filamu inauliza ni kongwe. Je, ni halali kumpa mtoto hadithi badala ya ukweli? Wazee wetu walilijibu kwa ngano. Mtambaji anaposema paukwa, hadhira hujibu pakawa, na kuanzia hapo hakuna anayedanganywa, kwa sababu wote wameingia katika mapatano. Sungura atamshinda simba na hakuna atakayedai ushahidi. Majirani wa Maweni wanapomwitikia Jo, ni kama wanajibu pakawa. Nashuku Jo naye anajua mengi kuliko anavyoonyesha. Mtoto anayekubali kuigiza mbele ya kamera ameshaelewa tofauti ya kuishi na kuigiza, na ameamua kwamba kuigiza nako ni namna ya kuishi.

Kwa hiyo filamu hii ni ya familia, na papo hapo ni filamu kuhusu utengenezaji wa filamu mtaani. Hakuna studio. Kuna majirani, vitu vya nyumbani vinavyogeuzwa maleba, na Mike, kijana anayewaonyesha wanakijiji sinema. Vijana wa ploti yetu walijiona humo moja kwa moja. Mmoja wao, ambaye hurekodi harusi kwa kamera ya kukodi, aliniambia baadaye: "Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yetu. Unamwomba jirani akuwe polisi, na siku ya kushuti anakuja na sare ya bawabu."

KISWAHILI CHA KUCHEKA NA KISWAHILI CHA KULIA

Kuna jambo jingine la lugha ambalo Supa Modo imelifanya na halijasemwa vya kutosha. Kizazi changu kililelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Tulicheka na Mzee Ojwang, jina la uigizaji la Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015. Hakuwa Mjaluo, lakini lafudhi aliyoivaa ilikuwa ya Kijaluo, na nusu ya kicheko ilitoka katika lafudhi hiyo. Sina ugomvi na kicheko. Ila kwa miaka mingi Kiswahili cha runinga nchini kilikuwa hasa cha kuchekesha: cha bawabu, cha mshtakiwa, cha mume mlevi. Daktari alipoingia na habari mbaya, au wapendanao walipoachana, mara nyingi waliingia na Kiingereza chao. Tushauriane na Tausi zilijaribu kwenda njia nyingine, na wanaozikumbuka wanazikumbuka kwa mapenzi, lakini hazikutosha kubadili mazoea.

Katika Supa Modo, mama na binti zake wanagombana, wanabembelezana na kuogopa, zaidi kwa Kiswahili cha kawaida cha jikoni, kikidakizwa na Kikuyu na Kiingereza kama ilivyo katika nyumba nyingi za Nairobi na viunga vyake. Sentensi ni fupi. Hakuna mtu anayetunga msemo ili aonekane anajua lugha. Mtazamaji anagundua kwamba Kiswahili hiki cha kuombea chumvi kinaweza pia kubeba kifo cha mtoto, na wala hakihitaji kupandishwa jukwaani kwanza. Kwa mwandishi yeyote anayetaka kuandika tamthilia au filamu, hilo ni somo kubwa kuliko orodha ya methali.

LAWAMA YA MKAAZI

Hata hivyo, mimi ni mkaazi wa mtaa kabla ya kuwa mhakiki, na mkaazi ana lawama yake. Maweni ni pazuri mno. Majirani wanashawishika upesi mno. Suala la pesa halipewi nafasi linayostahili. Katika mtaa ninaoujua, mtoto akiugua hivyo, jambo la kwanza ni kikundi cha WhatsApp na nambari ya kutuma mchango. La pili ni minong'ono: nani ametoa, nani amesoma ujumbe akanyamaza. Na hakosekani jirani mmoja wa kusema kwamba ugonjwa huo si wa hospitali, kwamba mama anajua alichofanya. Watoto wanamjua jirani huyo. Wanapita mbele ya mlango wake kila siku wakienda dukani. Filamu ya familia inaweza kumbeba. Ngano zetu zilijaa fisi na mazimwi, na watoto walilala usingizi vizuri tu.

Upande wa pili kuna Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga. Mwas anatoka mashambani akitaka kuwa mwigizaji, anaangukia katika genge la wezi, na kwa muda anaishi maisha mawili, jukwaani na mitaani. Ni filamu yenye Sheng hai kuliko nyingi tulizo nazo, na ilistahili sifa zake. Ila hutaitazama na shosho. Mtaani kipimo cha filamu ya familia ni rahisi kuliko kile cha Bodi ya Kuainisha Filamu. Mlango uko wazi, pazia tu limeteremshwa, na mtoto wa jirani anaweza kuingia wakati wowote kuomba chumvi. Je, utakimbilia rimoti? Familia kwetu haijafungwa ndani ya kuta za chumba kimoja. Ni ploti nzima, pamoja na mtoto ambaye hukumzaa lakini anakula kwako Jumanne na Alhamisi.

Kati ya mtaa wa malaika na mtaa wa bastola, iko filamu moja ambayo ningependa itazamwe upya: Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman, iliyotengenezwa Kibera. Kijana Abila, mwenye miaka 14, anamkuta babake amepoteza roho, na inamlazimu kutimiza majukumu saba ili aikomboe. Aliyeichukua ni Nyawawa. Jina hilo limechotwa katika imani za Wajaluo kuhusu mizimu wanaofukuzwa kwa kugonga masufuria na mabati. Rafiki yake Abila ni msichana aitwaye Shiku. Msomaji Mkenya hahitaji kuelezwa majina Abila na Shiku yanasema nini yakiwekwa pamoja Kibera, miaka michache tu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Humo mna mwizi na mwema katika kichochoro kimoja, na mna uchawi wa kutosha kumshika mtoto. Hiyo ndiyo njia ya tatu ninayoitamani.

NANI ALIANDIKIWA?

Sasa turudi kwenye shuka letu na yale maandishi ya chini. Filamu hizi tatu zote zilizaliwa katika mradi wa One Fine Day Films wa Marie Steinmann na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer, ambao ulikutanisha watengenezaji filamu wa hapa na wataalamu kutoka nje. Supa Modo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mnamo Februari 2018, katika kitengo cha watoto na vijana, kisha Kenya ikaiteua iiwakilishe kwenye tuzo za Oscar, katika kile kitengo kilichoitwa cha filamu za lugha ya kigeni. Ni haki kabisa mgeni wa Berlin awekewe maandishi anayoyaelewa. Kasoro iko katika kinachofuata. Filamu inarudi nyumbani na maandishi yaleyale. Hakuna aliyeketi kuandika ya pili. Kiswahili kinaitwa lugha ya kigeni huko ng'ambo, na kikifika nyumbani kinasomwa kwa lugha ya kigeni.

Kuna watakaopinga. Wa kwanza atasema: wahusika wameshazungumza Kiswahili, cha nini kukiandika tena? Jibu langu lina sehemu tatu. Kwanza, hawazungumzi Kiswahili wakati wote. Mazungumzo yalipoingia Kikuyu, shosho wa Kakamega alinigeukia, na Kiingereza cha hapo chini hakikumfaa kitu. Kiswahili ndiyo lugha ambayo Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo wa ploti moja wanaishirikiana, na ndiyo iliyostahili kuandikwa hapo. Pili, wapo watazamaji viziwi, ambao hata filamu ya Kiswahili kitupu ni bubu kwao. Tatu, mtoto anayejifunza kusoma hufaidika anapoona kwa macho neno analolisikia kwa sikio wakati uleule. Nchini India, nyimbo za filamu kwenye televisheni zimewahi kuwekewa maandishi ya lugha ileile inayoimbwa, kwa nia hiyo ya kuwasaidia wanaosoma kwa shida. Sisi tuna watoto waliokaa mkekani na midomo ikifuata herufi, na tunawapa herufi za lugha wasiyoisikia.

Wa pili atasema: Sheng haiandikiki. Huyo hajawahi kusimama stejini. Sheng imeandikwa kwenye migongo ya matatu, imeandikwa kwenye simu za watoto wetu tangu asubuhi hadi usiku. Tatizo halisi ni la mfasiri, naye anapaswa kuchagua. Tuchukue maneno ya yule kijana: "Mathe hataki atoke nje, lakini wapi!" Kiingereza cha maandishi ya chini kingesema tu kwamba mama amekataa. Ile "lakini wapi," ambayo inamcheka mama na kumpongeza mtoto kwa wakati mmoja, imeanguka njiani. Kiswahili kinaweza kuibakisha bila jasho. Kuhusu "mathe," mimi ningeiacha ilivyo, kwa sababu msemaji ni kijana na neno hilo ni sehemu ya tabia yake. Lakini msemaji akiwa mtu mzima aliyeteleza tu, ningeandika "mama" na kuendelea. Nalo staringi nisingelibadili kuwa shujaa. Shujaa anaweza kufa. Mashujaa wetu wengi wamekufa, na tunawakumbuka kila Oktoba 20. Ni staringi peke yake asiyekufa, na ukilipoteza neno hilo umeupoteza utani wote wa yule kijana pamoja na uchungu wake.

Wa tatu atataja gharama. Kutengeneza filamu ni ghali, hilo halina ubishi. Kuandika maandishi ya chini si ghali hivyo. Faili lake ni maneno matupu, kila mstari na saa yake ya kutokea na ya kuondoka, na linatengenezwa kwa programu ya bure kwenye kompyuta ya kawaida. Supa Modo ina dakika 74. Vyuo vyetu vikuu vina idara za Kiswahili zinazofundisha tafsiri, na kila mwaka wanafunzi wanapewa zoezi la kutafsiri makala ambayo hakuna atakayeyasoma tena. Wape filamu, kwa idhini ya wenye filamu. Watajifunza kubana maneno, watajifunza kuheshimu pumzi ya msemaji, na kazi yao itasomwa na watu.

KIJANA NA UKIMYA

Msomaji anaweza kuuliza: kwani yule kijana mtangazaji hakutosha? Alifanya kazi kubwa, na sitaki kuidharau. Alitafsiri, akafupisha, akataja jina la hisia pale mtoto mdogo alipochanganyikiwa. DJ Afro amewafanyia hivyo Wakenya kwa miaka mingi, Uganda wana wale wanaowaita VJ, na Tanzania mashabiki wa kanda walimjua Lufufu. Ni sanaa simulizi iliyohamia kwenye skrini, na wasomi wachache wameanza kuipa hadhi yake.

Ila ina kasoro moja ambayo niliiona jioni ile. Mtangazaji haogopi kitu kama anavyoogopa kimya. Kuna pahali mama anamtazama Jo na hasemi neno. Uso wa Marrianne Nungo ndio unaozungumza hapo. Kijana wetu aliona pengo, akalijaza kwa mzaha, watoto wakacheka, na uso ule ukapita bila kuonekana. Maandishi ya chini yana adabu ya kunyamaza mwigizaji anaponyamaza. Kwa hiyo tunawahitaji wote wawili: mtangazaji kwa filamu za mapigano siku ya Jumapili, na maandishi ya Kiswahili kwa filamu ambayo kimya chake kina maana.

Na baada ya maandishi, tunahitaji mazungumzo. Aliyemaliza kidato cha nne akisoma Kigogo au Bembea ya Maisha anajua taharuki, kinaya, sadfa, jazanda na kisengerenyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba maneno hayo yanafanya kazi pia nje ya kitabu teule. Ukimwuliza kuhusu filamu aliyoiona jana atakwambia "ilikuwa noma," basi. Wala si kosa lake. Magazeti yanahakiki filamu zetu kwa Kiingereza, na watengenezaji wanahojiwa kwa Kiingereza kuhusu mistari waliyoiandika isemwe kwa Kiswahili. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo sasa linapokea filamu za wanafunzi. Ningependa kumsikia mwanafunzi mmoja, baada ya zawadi kutolewa, akieleza kwa Kiswahili kwa nini kisengerenyuma chake kimewekwa dakika ya tatu badala ya ya kwanza.

Nimalizie pale nilipoanzia. Kuelekea mwisho wa Supa Modo, kijana wetu mtangazaji alinyamaza mwenyewe, bila kuambiwa. Mtoto mmoja wa mkekani akamwuliza kwa sauti, "Si ulisema staringi hafi?" Kijana alifikiri kidogo, akaonyesha shuka kwa kidole, pale Jo alipokuwa akionekana katika ile filamu iliyotengenezwa na kijiji. "Si huyo hapo?" akasema. Shosho hakuniuliza maandishi yamesema nini. Alikuwa analia, na karibu kila mtu nyuma alikuwa anajifanya ana vumbi machoni.

Kesho yake nilimwomba yule mpiga picha wa harusi tukae siku moja tuone namna ya kuwaandikia wenye filamu, tuwaombe ruhusa ya kuiwekea Kiswahili. Amekubali. Kijana mtangazaji naye atakuwepo, kwa sababu kuna maneno ambayo mimi, pamoja na kamusi zangu, siyajui. Shosho ameuliza itakuwa lini, maana anataka kuwaleta wajukuu wake wa Umoja.